Neno Lao la Mkate

Neno hilo lilinichukiza tangu siku ya kwanza. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwetu Walthamstow, simu mkononi, akirudia: chleb, chleb, chleb. Lile "ch" la mwanzo hutamkwa kama "kh" ya kheri, na mwishoni midomo inafumbwa ghafla kama ya mtu aliyekatazwa kusema. Ni Kipolandi, maana yake mkate. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kipolandi, na mama wa kijana, mjane anayefanya kazi katika ghala moja huko Hayes karibu na uwanja wa ndege, alikuwa ametualika chakula cha Jumapili ili wazazi tujuane. Huyo mama huoka mkate wake mwenyewe. Binti yangu alitaka kumsifia kwa lugha yake.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Chapati zangu utazisifia lini kwa Kiswahili?"

"Mum, you know I understand everything," akasema, macho kwenye simu.

Kuelewa anaelewa; hapo ndipo penye kidonda. Nilimbembeleza kwa Kiswahili, nikamkemea kwa Kiswahili, nikamwombea kwa Kiswahili, naye tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza. Nilishakubali. Nilijiambia watoto wa London ndivyo walivyo, ulimi wao mzito. Kumbe ulimi haukuwa mzito hata kidogo, ulikuwa unamsubiri mama mwingine! Nilishikwa na wivu, na sitaupamba kwa jina jingine. Watu husema mwenye wivu ajinyonge, lakini mimi nilikuwa na zamu asubuhi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na wenzangu wengi pale wametoka Ulaya ya Mashariki. Mwanamke mwenye wivu humchunguza mwenzake mpaka kisigino. Mimi, kwa kuwa huyo mama sikuwa nimemwona, nilichunguza neno lake. Wakati wa chai nikawa nauliza kila mtu: ninyi mkate mnauitaje? Dada wa Ukraine akasema khlib. Wa Bulgaria akasema hlyab, akilivuta kana kwamba linatafunika. Mpishi wetu Mserbia akasema hleb, na mwenzake Mkroeshia akamkatiza: kwao ni kruh, neno lililoanzia kwenye kipande, kitu cha kuvunjwavunjwa. Wawili hao husikilizana siku nzima bila mkalimani, wakafarakana kwenye mkate, tukacheka. Mama mmoja wa Urusi alinieleza kwamba kwao neno hilohilo ni nafaka iliyosimama shambani pia, na mtu mkarimu huitwa kwa neno moja lililounganisha mkate na chumvi. Kwa Wapolandi, tajiri anayekuajiri ni mpaji wa mkate, na mtu aliyeona mengi duniani amekula mkate wa tanuri nyingi.

Niliyasikia yote nikazidi kuudhika, maana neno lilikuwa zuri na mimi nilitaka liwe baya.

Faraja niliipata kwenye basi, nikisoma kwa simu. Wataalamu wengi wa lugha wanaamini kwamba mababu wa Waslavi waliliazima neno hilo kutoka kwa makabila jirani ya Kijerumani, na ndugu yake ndilo lile "loaf" la Waingereza. La kuazima! Nilicheka peke yangu hadi abiria wa mbele akageuka. Kwamba mimi mwenyewe hula chakula changu kwenye "meza", neno la Wareno, na kusoma "kitabu", neno la Waarabu, hilo halikunipitia akilini. Wivu hautazami kioo.

Jumapili ikafika. Nikatia kwenye mfuko mkate mkubwa wa slesi, sukari kilo mbili na majani ya chai. Kwetu Voi huendi kwa mtu mara ya kwanza ukipunga mikono, na hasa huendi kwa wakwe.

"Mum, not bread, please," binti akasema mlangoni. "She bakes."

"Aoke. Mwacha mila ni mtumwa," nikamjibu, nikavaa kofia yangu.

Njia nzima kwenye treni alikuwa anarudia sentensi zake chini kwa chini. Nilitazama midomo yake ikihangaikia lugha ya mtu na moyo ukaniuma kama jino.

Mlango wa Hayes ukafunguliwa. Mama wa kijana alisimama ameshika ubao uliotandikwa kitambaa cha tarizi, juu yake mkate wa duara wa kahawia na kibakuli cha chumvi. Ndivyo wanavyopokea wageni wa heshima. Nami nikamnyooshea mfuko wangu. Akaweka ubao chini, akachungulia, na tabasamu likafifia.

"Mkate?" akauliza kwa Kiingereza. "Umefikiri kwangu hakuna mkate?"

Akamgeukia mwanawe, akasema jambo refu kwa Kipolandi, kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Nami niliumia. Kwetu mkate wa mgeni hupokewa kwa mikono miwili, ukafunguliwa palepale, ukanywewa chai. Huyu aliushika kwa vidole viwili.

Tukaketi. Mikate miwili ilikuwa mezani, wake na wangu, na hakuna aliyethubutu kugusa hata mmoja. Basi nikatoa mshale niliokuwa nao. "Nimesoma," nikasema kwa Kiingereza, polepole ili asikose kitu, "kwamba neno lenu la mkate si lenu. Mliazima kwa Wajerumani."

Kumwambia Mpolandi hivyo mezani kwake, baada ya yote Wajerumani waliyowatenda vitani! Kijana alifumba macho. Mama yake akaweka kisu mezani.

Binti yangu akanitazama, na hapo nikaogopa kwa kweli. Akimwomba yule mama msamaha kwa niaba yangu, kama watu wanavyomwombea radhi mzee aliyeharibika akili, nimempoteza, na nimempoteza mbele ya macho yangu. Akamgeukia yule mama. Akaanza kusema Kipolandi, kwa shida, akitafuta njia. Nilisikia mama, nikasikia chleb. Mengine yalikuwa giza kwangu.

Kisha akakwama. Akakunja uso, akatikisa vidole hewani, na kilichomtoka kilikuwa Kiswahili: "Mgeni... mgeni haendi mikono mitupu, yaani ni heshima." Akarudi kwenye Kipolandi, akakwama tena: "Mama yangu hakukudharau. Ndivyo tulivyo." Kisha Kipolandi tena.

Hakujua alichofanya. Alikuwa anahema, jasho puani, akidhani yote aliyosema ni lugha moja. Pengine kichwa kina kabati moja tu kwa lugha ya wakwe na lugha ya mama, nawe ukilifungua kwa haraka unashika kilicho karibu. Sijui. Najua kwamba alisema "tulivyo", na kwamba alilisema kwa lafudhi ya Voi, mahali alipowahi kulala likizo moja tu.

Yule mama akauvuta mkate wangu. Akaufungua, akatoa slesi, akainyunyizia chumvi, akala yote. "Mzuri," akasema. Nikajua tumepatana.

Lakini hakuwa ametulia. Alimtazama mwanawe, ambaye aliinua mabega. Akamtazama binti yangu. Alikuwa amemsikiliza msichana huyu akimjia kwa lugha yake hatua kwa hatua, ameshafurahi, halafu katikati ya safari mlango umefungwa na watu wawili wamebaki ndani bila yeye. Uso ule niliufahamu. Ulikuwa wangu, wa tangu jikoni Walthamstow.

Akainama kwangu. "Pale katikati," akauliza kwa sauti ya chini, "alisema nini?"

Nilikata kipande kinene cha mkate wake, nikakichovya kwenye chumvi.

"Ni vigumu kutafsiri," nikamwambia.