Basoni Nne kwenye Matanga ya Mwalimu

Municheke tu, nimestahili. Wakati wa vita, tulipojificha porini nje ya Kindu, mwalimu wetu wa muziki alikuwa anaimba wimbo mumoja polepole, mudomo umefungwa. Nikajiambia, huu njo wimbo wa wafu.

Juzi mwalimu alifariki. Mimi, fundi mukubwa, nikaupanga wimbo ule kwa basoni nne, zile filimbi ndefu za sauti nzito alizotufundisha. Tukaupiga kwenye matanga. Watu wakalia sana. Nikavimba kichwa.

Mujane wake akasimama, akicheka.

"Mutoto wangu, ule ni wimbo wa opera ya kuchekesha. Mwanaume anatafuta suruali yake. Kule porini muzee aliuimba polepole, mudomo umefungwa, juu ya kuogopa askari wasitusikie. Sasa muupige wimbo mbio-mbio, mimi niimbe maneno."