Ebiti Beta Kuliko Jana

Kwetu Kanoni watu hushindanisha mikungu ya ndizi kwa sauti. Mtu akikata mkungu mkubwa hautii ndani kimyakimya. Atapita nao kwa jirani makusudi, ausimamishe uani, aseme huu umeupita ule wako wa juzi. Jirani naye ataapa kwamba kibanjani kwake kuna mwingine unakomaa, na huo ndio utakaomfunga mtu mdomo. Nimekulia katika kelele hizo. Kwa hiyo nilipoolewa Kyerwa, katika nyumba ya wafugaji, na baba mkwe akanionyesha ng'ombe wake wakirudi jioni, nilidhani namheshimu nilipomwambia kwamba yule mwenye pembe ndefu amewazidi wote.

Mzee alitazama pembeni. Mama mkwe akatema mate kidogo chini, kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza kama kwetu mvua zimeanza.

Baadaye mume wangu alinieleza kwamba mate yale yalikuwa ya kumkinga ng'ombe na jicho baya. Nyumbani kwao hawalinganishi ng'ombe na ng'ombe, wala mtoto na mtoto, wala mtu na mtu. Ukisema huyu amezidi, umemweka hadharani. Ng'ombe akinona, unasema yupo. Mgonjwa akipata nafuu, unasema anaendelea. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza na mtu wa Kanoni juu yake, nikinyimwa kulinganisha nitapasuka. Akacheka, akasema nitazoea, kisha akapanda bodaboda kurudi kazini kwake Nyakahanga, akaniacha na wazazi wake.

Jambo lililonitesa zaidi lilikuwa vibuyu vya maziwa. Katika nyumba ile, mwanamke anajulikana kwa vibuyu vyake. Kibuyu huoshwa kwa maji ya moto, kikaachwa kikauke, halafu kikafukizwa moshi wa nyasi za mbugani zinazochomwa ndani ya chungu kidogo, mpaka harufu ikolee. Maziwa yakilala humo yanatoka na ladha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeyanywa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akivitunza, lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na ilibidi mtu ampokee. Siku ya kwanza aliponiachia, niliviosha kwa sabuni ya unga. Nilivisugua kama sufuria iliyoungua, nikajisifu moyoni. Jioni baba mkwe akaonja, akashukuru, akasema yaliyobaki apewe paka. Paka naye hakuyataka.

Hakuna aliyenigombeza, na hicho ndicho kilichoniuma. Mama mkwe kumkosoa mkaza mwana uso kwa uso ni aibu kwake, na mimi kumhoji mkwe wangu ni utovu wa adabu. Tukabaki tunasalimiana vizuri tu. Kila asubuhi shikamoo mama, marahaba mwalimu, na maziwa yanaendelea kuharibika.

Ndipo wifi yangu akapiga simu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Igurwa, na binti yake wa kidato cha kwanza alikuwa ameletwa kwetu likizo nimfundishe Kiingereza. Simu ya mama mkwe ilikuwa imewekwa sauti ya nje kwa sababu hapendi kuibana sikioni. Wifi akasema kwamba akija kumchukua mtoto ataondoka na vibuyu pia, kwa maana hapo nyumbani hakuna tena mwanamke wa maziwa. Mama mkwe hakukubali wala hakukataa, aliitikia tu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nililia juu ya maharage yale, na sioni haya kusema. Vibuyu vikihama kwa sababu yangu, nitaishi katika nyumba ile mpaka uzeeni nikiwa mgeni.

Masomo ya mtoto tulifanyia barazani. Wiki ile tulikuwa kwenye maneno ya kulinganisha kwa tofauti ndogo, na nilimtaka atunge sentensi za vitu vya nyumbani, si za ndege na makasri ya vitabuni. Akasema "this cup is slightly smaller than that one". Akasema leo ni "a bit colder" kuliko jana, na chai ni "a little sweeter". Mama mkwe alikaa kwenye mkeka wake karibu nasi, anasuka kifuniko cha kibuyu, na mimi nikidhani hatusikilizi. Siku moja akauliza hiyo ebiti tunayoifukuza kila asubuhi ni mnyama gani.

Nilimweleza kwamba ni kidogo tu. Badala ya kusema kitu ni kizuri mno, unasema kimekipita kingine kwa kiasi kidogo, bila kukipigia ngoma. Alifikiri huku sindano imesimama mkononi.

"Kumbe Wazungu nao wana adabu," akasema.

Jioni iliyofuata nilimpelekea maziwa kama kawaida. Akaonja, akaweka kikombe chini, akatazama mbugani. "Silaitili wasi," akasema. "Kuliko jana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilitambua kwamba hiyo ni "slightly worse", maziwa yameharibika zaidi kidogo, na amenikosoa. Tangu niolewe hakuwahi kunikosoa, na sasa alikuwa amepata mlango. Kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, yeye ni mkwe na mimi ni mkaza mwana, na kati yetu kuna ukuta wa heshima. Kwa Kiingereza tulikuwa wanafunzi wawili, na mmoja wetu hajui kusoma. Nikajipa moyo, nikamuuliza kama moshi uwe "a little more". Akajibu "litili mo", akainuka, akaenda kunionyesha nyasi zipi.

Tangu hapo tuliongea hivyo. Maji ya kuoshea yalitakiwa ebiti hota. Nyasi ebiti drai. Mtoto alikuwa akitusahihisha matamshi na sisi hatumjali. Siku nyingine maziwa yalikuwa ebiti beta, siku nyingine nyasi zikiwa zimelowa umande yanarudi kuwa ebiti wasi, na mimi nina hasira za karibu: kuna jioni nilimwachia chungu pale pale, nikaenda kukaa kwenye zizi la ndama nikinuna. Hakunifuata. Aliniachia chungu changu mpaka niliporudi mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini anayesema methali hiyo si yule anayejaza.

Niligundua pia kwamba alilinganisha leo na jana tu. Nilipomuuliza sababu, alisema jana imeshapita, haiwezi kuona wivu.

Likizo ikaisha. Wifi akafika kwa bodaboda, na kikapu kikubwa mgongoni, na ndani yake kanga kuukuu za kufungia vibuyu visigongane njiani. Nikamsalimia, nikaingia ndani, nikamimina maziwa, nikawapelekea yeye na mama yake kwenye mkeka.

Wifi akanywa funda moja. Akanywa yote. Akamgeukia mama yake, uso umemlegea kwa furaha, akasema mikono ya mama imerudi, haya ndiyo maziwa aliyokulia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Damu ya Kanoni ilinipanda. Nilitaka kuusimamisha mkungu wangu katikati ya uwanja, kijiji kizima kiuone. Niliuma ulimi.

Mama mkwe hakuwa na haraka. Alimaliza kikombe chake, akakiweka chini kwa mikono miwili ili kisianguke.

"Hayo ni ya mwalimu," akasema.

Wifi akanitazama, akaitazama mikono ya mama yake, akakisogeza kikapu nyuma ya mgongo wake kama mtu anayeficha kiatu kilichotoboka. Akasema, taratibu, kwamba hakujua. Nikadhani yamekwisha, nikapinda niingie ndani kuongeza maziwa.

"Ebiti beta," mama mkwe akasema nyuma yangu. Nilisimama kusubiri jana yake. Haikuja. "Kuliko yangu," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatema mate kidogo chini, upande niliosimama mimi, kwa adabu kabisa.