Sharubati ya Saa Sita Mchana

Kwenye dirisha la ofisi ya kugawa nyumba, mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa akiomba ahamishwe kutoka Kariakoo.

"Kila saa sita mchana jikoni kunanukia embe mbichi za kuchoma, ndugu. Nikiingia nakuta glasi mbili za sharubati, moja imeshanywewa. Ndivyo alivyokuwa akiandaa bibi wa Kihindi aliyefia humo."

"Umeonja?" karani akauliza.

"Nimeonja. Tamu, ina binzari nyembamba na chumvi kwa mbali."

Karani akaweka kalamu chini. "Tamu? Sukari anaitoa wapi?"

Foleni nzima ikasogea dirishani. Mwezi mzima mjini tulikuwa hatujaiona sukari, kwa hiyo marehemu hakumtisha mtu tena. Karani akagonga muhuri, akasema kwa upole, "Ufunguo niachie mimi, mama."

Juzi nilirudi. Karani amenawiri, shati linanukia moshi wa embe. Nikamwuliza kama ameshamwona mwenyeji wake.

"Bado. Ila tangu jana anaandaa glasi tatu."

"Ya tatu ya nani?"

Akaiangalia midomo yangu iliyokauka. "Una kiu, ndugu?"

Mimi vya bure navipenda sana. Lakini siku hiyo nilirudi kwa kuzunguka Gerezani, juani, nisipite Kariakoo, na nilipofika kwangu nilichungulia jikoni kwanza.