Chuchu Kwenye Chai ya Akika

Jamani, zipo aibu za kuficha, lakini hii yangu mtaa mzima umeshainywa kwa kikombe, sasa nikificha nitamficha nani? Bora niwasimulie mwenyewe, maana ukienda pale stendi ya Mikumi watakutilia chumvi mpaka basi, wengine wanasema eti hata nepi ilikuwemo (haikuwemo, naapa).

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo barazani kwangu, na mke wangu Mwanaidi anafundisha shule moja njia ya Kilosa, kwa hiyo likizo yake ya uzazi ilipokwisha tukakubaliana kwamba yeye akamue maziwa alfajiri ayaache kwenye friji, na mimi nibaki na binti yetu Shani pamoja na chupa zake. Nesi wa kliniki akanifundisha, na mnanijua mimi nikishika jambo. Napangua kila kitu, chupa huku chuchu kule, sabuni, brashi mpaka kwenye kona, nasuuza, kisha nachemsha vyote vikiwa vimezama, maji yanatokota kweli kweli, halafu sufuria linabaki limefunikwa mpaka mtoto adai haki yake.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Yeye anakaa Chanzuru, na aliposikia kwamba Shani ameharisha kidogo (watoto wa mtaa mzima waliharisha wiki ile, hata wasiojua chupa ni nini), akampigia simu mwanawe: "Mwanaume ndiye anaosha chupa za mtoto? Huo si uchafu huo? Nikija kwenye akika, naondoka na mjukuu wangu." Na mama yule akisema kitu, amesema. Mwanaidi alilia sana, na mimi, sifichi, nilipoteza hamu ya kula, maana nilishazoea kushona huku nikimwimbia yule mtoto.

Siku ya akika ikafika, nyumba ikajaa. Jiko langu la mkaa lilishatekwa na wapika chapati, na uani mafiga yamejipanga, huku pilau, huku nyama. Sasa hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Ningesema tu, "Jamani, naomba moto nichemshe vyombo vya mtoto," yangeisha. Lakini mwanaume mzima, nimevaa kanzu mpya (nimeishona mwenyewe, kola ilikaa vizuri ajabu), mkwe amekaa mkekani ananitazama, nikaona haya. Nikachukua sufuria kubwa la shughuli, maana madogo yote yalikuwa na kazi, nikajaza maji safi, nikaliteleka kwenye mafiga ya mwisho kule pembeni, nikatumbukiza vitu vyangu kimya kimya na kufunika. Yalipotokota vya kutosha nikaopoa chupa, na kabla sijaopoa chuchu nikasikia naitwa, "Baba mtoto yuko wapi? Mtoto ananyolewa nywele!" Nikafunika tena, nikakimbia.

Mnajua shughuli zetu. Maji yanayotokota bila mwenyewe ni maji ya chai. Shangazi yangu Tatu, ambaye kwenye chai haingiliwi na mtu, akafunua, mvuke ukampiga usoni, akaona maji meupe peee, akamwaga majani, tangawizi, mchaichai na sukari, akafunika akijisifu kwamba safari hii vijana wamemrahisishia kazi.

Chai ikaandaliwa. Shehe akanywa akasema mashallah. Mimi mwenyewe nilikunywa vikombe viwili (viwili!) nikashushia chapati. Mama mkwe naye, ambaye kwa kawaida hasifii kitu cha Mikumi, akasema kwa sauti, "Chai hii imepikika. Niongezeeni." Shangazi akainamisha sufuria achote ya mwisho, akamimina kwenye chujio juu ya kikombe cha mama mkwe, na pale juu ya majani ya chai ikatua chuchu ya Shani, rangi imeshakuwa ya kahawia.

Huko nje nikasikia mtu anatema, mwingine anasukutua, shehe anakohoa kwa heshima. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Baba Shani," mama mkwe akaita, "hebu njoo."

Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake, macho chini.

"Hii ni ya mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Imefikaje humu?"

"Nilikuwa nachemsha vyombo vyake, mama. Nikaona haya kusema."

"Uliiosha na nini kabla ya kuichemsha?"

Basi nikaanza kutaja mbele ya umati, sabuni, brashi, kona, kusuuza, kuzamisha, huku jasho linatiririka ndani ya kanzu. Mama yule akaichukua ile chuchu, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye kona, akaiweka puani. Mwanaidi alikuwa amemkumbatia mtoto kama anayenyang'anywa.

"Nyie huko nje, acheni kutema!" akafoka. "Mimi nimelea. Chuchu yenye maziwa yaliyochacha, hata tangawizi haiifichi, ningeijua kwenye funda la kwanza. Na hii haina utando hata kidogo." Akachukua kikombe chake, akakinywa mpaka kikabaki kitupu, akakiweka chini. "Mjukuu wangu anabaki hapa hapa kwa baba yake."

Vigelegele! Mwanaidi akacheka na kulia kwa pamoja, shangazi Tatu akadai eti alijua tangu mwanzo, na mimi nilisimama pale na kanzu imelowa, nina furaha ambayo hata siku ya harusi sikuipata.

Wananiita Fundi Chuchu mpaka leo, waache waite. Wiki iliyopita shemeji yangu wa Chanzuru alibisha hodi, mkewe amejifungua mapacha, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempandisha gari aje kwangu afundishwe kuosha chupa. Nilimpokea, nikampa brashi, na kabla hatujawasha moto nikasimama uani nikatangaza mpaka majirani wakasikia: "Jamani, haya ni maji ya vyombo vya watoto, asisogee mtu na majani ya chai!" Ndivyo nitakavyotangaza siku zote, mkwe awepo asiwepo, na wala sioni haya tena.