Viatu vya Askari

Cecilia Ntandu Mughwai, binti wa Ntandu aliyechimba kisima cha Mgori kwa sururu mwaka wa njaa, mjukuu wa Mughwai aliyeswaga ng'ombe mpaka Kondoa akarudi nao wote, ndiye mtu wa kwanza kijijini kumvisha mbwa viatu. Watu walicheka. Yeye hakucheka wala hakununa.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa minadani. Mumewe Simeoni alikuwa na miezi minne kaburini. Cecilia hakulia msibani, na baadaye hakulia pia. Alikamua, akapika, akalala. Ndani yake palikufa ganzi.

Shemeji yake Gasto alikuja akasimama mlangoni pa zizi. "Shemeji, ng'ombe kumi na mmoja bila mwanaume? Nakupa mpaka mavuno. Akipotea hata mmoja, wote nahamishia kwangu."

"Nimesikia, shemeji."

Aliyewazuia ng'ombe wasizame msituni alikuwa Askari, mbwa wa marehemu. Lakini mbigiri zilikuwa zimemtoboa nyayo mpaka zikatunga usaha. Anakimbia kidogo, anakaa, analamba. Bila Askari, ng'ombe ni wa Gasto.

Kwanza Cecilia alimshonea mbwa viatu vya ngozi ya mbuzi, akavipaka mafuta ya kondoo vilainike, kama kila ngozi inavyolainishwa kwao. Asubuhi Askari alikuwa amevila, zimebaki kamba tu. Bintiye Evodia alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, umempikia!"

"Nimempikia," alisema Cecilia, akafagia vipande.

Akajaribu vya tairi, kama katambuga. Vizito. Askari alitembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Ndipo alipomkanyagisha kwenye majivu, kisha juu ya kipande cha boksi, akakata alama kwa kisu. Kumbe nyayo za mbele ni pana kuliko za nyuma. Akaenda mnadani na vipande vyake, akachutama kwenye rundo la viatu vya watoto. Vyenye soli ngumu alivikunja, vikagoma, akaviweka kando. Vyenye kifungo cha chuma, kando. Alichagua vya turubai, soli laini ya mpira, shingo ndefu, vya kufunga kamba: jozi kubwa, jozi ndogo.

"Mama, una pacha?" aliuliza muuzaji.

"Ni mmoja. Ana miguu minne."

Mnada mzima ukaangua kicheko. "Basi mnunulie na soksi!"

"Nipe na soksi."

Siku ya kwanza Askari alinyanyua miguu kama anakanyaga makaa. Ya tatu akasahau. Ya tano, mtamba mwekundu alichomoka kuelekea msituni. Askari akapita katikati ya mbigiri, akamzunguka, akamrudisha.

Wakati wa mavuno Gasto alikuja akahesabu. Kumi na mmoja. Akarudia. Akanywa togwa, akitazama miguu ya mbwa.

"Huyu siku hizi ni mbwa wa kizungu."

"Ni wa kaka yako."

Gasto aliaga. Cecilia alingoja furaha imjie. Haikuja. Akaokota kibuyu, akakisuuza, akamwita Evodia.

"Kuanzia leo kazi hii ni yako. Ng'ombe wakishaingia zizini, mvue Askari viatu vyote vinne kabla wewe hujanawa miguu. Pekua katikati ya vidole. Vikubwa ni vya mbele. Kamba usikaze, kidole chako kipite. Na mafuta usipake."