Karatasi ya Ayikoru

Asubuhi ile mjini Yei, Sudan Kusini, nilikuwa nakaanga mandazi, na mume wangu Taban akinitania kwamba nayaunguza makusudi ili yabaki yangu. Binti yetu Ayikoru, wa miaka mitatu, alikuwa amejipaka unga usoni. Nilikuwa mwanamke mwenye raha zake.

Saa nne bunduki zikalia upande wa soko.

Tulidandia lori la mihogo. Alasiri tukafika mpakani ili tuingie Koboko, Uganda. Askari akatazama kitambulisho changu, akamtazama mtoto, akauliza majina yetu.

"Wewe Drateru. Baba Taban. Mutoto Ayikoru. Hii mutoto iko ya nani?"

Kwetu Ajia, upande wa Uganda, mtoto harithi jina. Shangazi huangalia nyumba ina hali gani siku anapozaliwa, akamwita hivyo. Mimi nilizaliwa kwenye msiba, Ayikoru kwenye furaha. Nilieleza yote hayo, lakini siku zile watoto wengi walikuwa wakipotezana na wazazi wao njiani, na askari aliogopa nimemwiba. Simlaumu sana.

"Lete karatasi ya kuzaliwa. Bila karatasi, mutoto inabaki."

Karatasi ilikuwa Yei, chini ya godoro.

"Mimi nakwenda kuleta," Taban akasema. "Ngoja hapa na mutoto."

Nilimwacha aende. Niliogopa kunyang'anywa mtoto kuliko nilivyoogopa vita.

Kabla jua halijazama zamu ikabadilika. Akaja askari mwanamke, mtu wa kwetu, akacheka kidogo.

"Hata mimi na mama yangu, jina iko mbalimbali. Pita, dada."

Taban hakurudi. Nilimsubiri kwa siku, halafu kwa miaka.

Sasa nauza vitenge Koboko, na sijambo kabisa. Ayikoru amenipita kwa kimo, na mdomo ni wa babake. Mwaka huu kwaya ya shule inakwenda Nairobi, naye yumo. Tulikwenda Arua kuomba pasipoti. Habari ya majina ikaulizwa tena, lakini safari hii tulikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, ikapita.

"Sasa baba atie sahihi," karani akasema. "Iko wapi?"

"Alibaki Yei, wakati wa vita."

"Kama iko hai, asaini. Kama alikufa, andika hapa."

Neno hilo sikuwahi kulitamka. Ayikoru alinishika mkono. Nikaandika "marehemu", nikamzika mume wangu pale dirishani, watu nyuma yangu wakingoja zamu yao.

Ayikoru anasafiri Jumatatu.