Kahawa Aliyoikataa Fundi Ildefons

"Mikono aliificha mgongoni," alisema Rugemalira, "kama mtoto aliyeiba nyama. Mimi, mtu mzima, nimetoka hapa Izigo mpaka mjini Bukoba kumtazama kijana anayeniomba binti. Namnyoshea akamwani, kahawa ya kutafuna ya kibanja changu mwenyewe, naye anatikisa kichwa. Kokuhirwa haolewi na mtu huyo."

"Waitu, mzee wangu, hakukukataa wewe," nikamwambia. "Alikataa vumbi."

"Nilimpa vumbi mimi? Na kile kitambaa mdomoni je? Hali na wenzake, ananawa kama padri anayejiandaa kwa misa. Unajua tunavyozika siku hizi, mama. Usinilazimishe kuutaja ugonjwa wenyewe."

Mkewe Bernadina akainamisha macho. Alikuwa amemzika mdogo wake, na hapo hata mimi mzaha ulinikauka. Nikaona kwamba nisiposema vizuri, Ildefons, mtoto wa kaka yangu, atakosa mke, na jina baya litamfuata mpaka kwetu Kaagya. Ukoo ulikuwa umenituma mimi kumsemea kwa sababu moja tu: mdomo wangu hauna breki. Basi nikauachia.

Nikawaambia Ildefons alizaliwa tayari ameshika brashi. Mkunga alikana, lakini mkunga yule alikuwa na macho mabovu. Vita vilipokwisha na nyumba za mjini zikabaki na nyufa, kazi ya rangi ikawa tele, na hakuna aliyemshinda kwa haraka. Anakwangua kavu, anapiga msasa, vumbi linapanda, anapiga chafya, anapaka, huyo anakwenda nyumba nyingine. Jioni alirudi mweupe hata mbwa wake akambwekea kwa wiki nzima.

Ndipo bwana afya akaja na amri. Rangi za mafuta za zamani, alisema, zina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari, na vumbi lake linapumbaza watoto na kusokota matumbo ya wakubwa. Tangu siku hiyo fundi aliyetaka ruhusa ya kukarabati nyumba ya zamani alitakiwa kuulowesha ukuta kabla ya kuukwangua, kutandika turubai, kufunika pua na mdomo, na kutotia chochote kinywani mpaka anawe kwa sabuni. Sabuni, mwaka ule. Ilikuwa adimu kuliko askofu, na ukikutwa na mche mzima unaulizwa umeutoa wapi.

Mafundi wenzake walicheka. Bwana afya akigeuka tu, wanakwangua kavu, wanamaliza nyumba nzima yeye bado analowesha mlango. Wateja wakamkimbia. Akabaki na Mama Jasumati wa mtaa wa Bakoba, mjane wa Kihindi ambaye ndugu zake walihama wakamwachia nyumba na rundo la funguo. Nyumba hiyo ilipakwa rangi juu ya rangi tangu enzi za Wajerumani. Ildefons alipomaliza kukwangua sebule, chumba kilikuwa kimepanuka hata Jasumati akaingiza kabati la pili.

"Uongo," alisema Rugemalira, lakini alivuta kigoda karibu.

"Naye angeiasi amri kama wenzake, waitu, kama si kuku wa jirani. Walidonoa yale magamba ya rangi. Mmoja akaanza kutembea kinyumenyume. Jogoo akawika saa sita mchana, akaomba radhi, akawika tena. Jioni wote chali."

"Jogoo aliomba radhi kwa lugha gani?"

"Kihaya safi. Lakini kufa walikufa kweli, hapo sijatia chumvi. Tangu siku ile Ildefons anaogopa rangi ya zamani kuliko nyoka."

Bernadina alikuwa anacheka ndani ya kanga. Nikaona njia, nikasonga mbele. Siku Rugemalira alipofika na kahawa yake kwenye jani la mgomba, sabuni ilikuwa imekwisha, na Jasumati alikuwa ametoka kuitafuta. Ildefons alikuwa wa kijani mpaka kwenye viwiko. Na kwetu ukipewa akamwani unaipokea kwa mikono miwili, unaitafuna mbele ya aliyekupa. Ukiikataa, umemwita mchawi. Akitafuna, anakula sumu. Asipotafuna, anakosa mke. Akajitetea ndani ya kile kitambaa kwa maneno ambayo hata yeye mwenyewe hakuyasikia.

"Hadithi tamu," alisema Rugemalira, akajitupia kinywani punje nyingine za kahawa. "Ila kuku hawaji kutoa ushahidi."

"Wamekufa, waitu. Wana udhuru." Nikageuka kutafuta neno jingine, macho yakagonga mlango wake. "Mlango mzuri huu. Umeutoa wapi?"

Akajaa fahari. "Kwa Mhindi mmoja mjini, aliyeuza vitu akahama. Ila hii kijani imechakaa. Naikwangua mwenyewe kwa panga."

"Kavu?"

"Kwani mlango ni nguo niuloweke?"

"Anaukwangua hapohapo juu ya jamvi la kahawa," alisema Bernadina. "Mimi nachemsha na kuanika, yeye ananyunyizia vumbi lake. Nikimwambia asubiri niondoe jamvi, hasikii."

"Kahawa gani hiyo?" nikauliza, taratibu.

Tukatazama jamvi. Tukatazama shavu la Rugemalira, lililokuwa limevimba vizuri. Shavu likaacha kwenda.

Kutoka jikoni sauti ya Kokuhirwa ikamwambia baba yake, "Tata, tema."

Akavumilia kidogo kwa ajili ya heshima. Kisha akakimbilia dirishani.

"Umeikataa kahawa yako mwenyewe," alisema Bernadina, "mbele ya mgeni."

"Nimeitema. Kutema si kukataa."

"Mwenzio angalau aliificha mikono tu."

Rugemalira alifuta mdomo, akakaa, akaniangalia kwa jicho lisilo na mchezo. "Mama, acha majogoo. Kijana ni mzima?"

"Mimi ndiye niliyemlea. Ningekuwa na shaka naye, nisingekuja kumwomba mtoto wa mtu. Ni mzima, na anataka kuwa mzima. Ndiyo maana ya kile kitambaa."

Akakuna goti. 

"Basi," alisema, "mwambie aje na wazee wake, walete pombe ya rubisi, nasi tuta—"

Ildefons, niliyemwacha barabarani nikamwonya asionyeshe pua yake mpaka aitwe, akaingia. Alisimama kizingitini, akaangalia unga wa kijani miguuni pake, na kabla ya kumsalimu mtu yeyote akauliza, "Nani kaukwangua mlango huu?"